Ngome ya Kona

Jambo la kwanza aliloliona ni vifungo. Baba Mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limefungwa vizuri hadi shingoni, na bado vidole vyake vilikuwa vinashuka kifungo kimoja kimoja, vinafika chini, vinapanda tena. Midomo yake ilikuwa inacheza. Msichana alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akatega sikio. Mzee alikuwa anajitajia majina ya ndugu zake, mkubwa hadi mdogo, walio hai na waliotangulia, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta alichodondosha.

"Chai, Baba Mkubwa."

"Asante, Macho. Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Ndiyo, Alhamisi," akasema haraka. "Nilikuwa najua. Nilitaka tu kusikia kama na wewe unajua."

Hakuwahi kumuuliza siku hata mara moja. Msichana akaweka kikombe pale mkono wa mzee ulipozoea kukikuta, akatoka, akafika jikoni akaegemea ukuta. Alijua mzee anatafuta nini kichwani mwake, na alijua ni nani aliyempa sababu ya kukitafuta.

Baba Mkubwa alikuwa fundi saa hadi macho yalipomwacha. Yalipokwisha kabisa, alimwomba mjane wa mdogo wake ampe binti mmoja wa kumsaidia nyumbani, ndipo akaletwa huyu. Shule alikuwa ameiacha darasa la tano, baba yake alipofariki, na wala hakuililia. Darasani kila alipoinuliwa asome kwa sauti, wenzake walianza kucheka kabla hajafungua kinywa. Aliondoka pale na tabia ya kunyamaza, akaja nayo mjini kama watu wengine wanavyokuja na sanduku. Kinyozi wa mtaani alimtania siku ya kwanza: "Huyu mtoto ukimsalimia anakujibu kesho." Lakini Baba Mkubwa hakumcheka. Alimwita Macho, na mtaa mzima ukafuata.

Kazi ya macho, zaidi ya kumshika mkono barabarani, ilikuwa sataranji. Ubao mzee aliuchonga mwenyewe nuru ingali imebaki kidogo. Kila mraba ulikuwa na tundu, kila kete ilikuwa na kijiti chini cha kuchomeka, na kete nyeusi zilipigiliwa kichwa cha msumari juu ili kidole kizitambue. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalipoanza, huko mbali kusikofikika kwa miguu, wawili hawa walikaa sebuleni kila mchana wa mchezo, mzee na ubao wake mapajani, msichana na simu. Simu ilionyesha picha ya ubao. Kete ikihama, miraba miwili iligeuka njano, ule ilioondoka na ule ilipotua. Naye alitaja yote mawili, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: toka wapi, kwenda wapi. Mzee akichomeka, mchezo unaendelea.

Hawakuwaita wachezaji kwa majina. Mmoja alikuwa Bingwa, anayetetea taji. Mwingine, yule mpinzani, Baba Mkubwa alimpachika jina la Mvivu kwa sababu aliweza kukaa kitako mbele ya ubao mpaka chai ikapoa.

"Mvivu kafanya nini?"

"Bado anafikiri."

"Anafikiri au anasinzia? Mwangalie kope."

"Picha yake ndogo, Baba Mkubwa."

"Basi anasinzia."

Na alimpenda Mvivu kupita kiasi. Alisema mtu asiye na haraka ndiye anayefaa kutengeneza saa.

Siku ya kosa, Mvivu alikuwa na kete nyeupe na mambo yake yalikuwa yanakwenda vizuri. Alikuwa amefikiri kwa muda mrefu sana. Ndipo simu ikatikisika mkononi mwa msichana, ukaingia ujumbe. Ulitoka kwa kijana anayekata vioo vya madirisha kwenye kona ya pili. Msichana alikuwa msomaji wa polepole. Ujumbe ulikuwa na maneno mawili tu, *Nimekuona leo*, naye aliyasoma, akayarudia, akayasoma tena kana kwamba yangeongezeka.

Aliporudi kwenye ubao, Mvivu alikuwa ameshacheza na Bingwa ameshamjibu. Njano ilikuwa kwenye kete nyeusi. Akaona ngome nyeupe imesimama katikati, nyuma ya malkia wake.

"Ngome imekwenda katikati, nyuma ya malkia," akasema.

"Toka wapi? Ya kona au ya karibu na mfalme?"

Ngome zote mbili zilikuwa na njia ya kufika pale. Kujua ilikuwa rahisi, angetazama tu ipi haipo mahali pake. Lakini jicho lake lilikuwa limeshateleza kwenye ujumbe tena.

"Ya kona," akasema.

Mzee akaing'oa ngome ya kona, akaichomeka katikati. Mchezo ukaendelea. Kete zilizosogea baada ya hapo zilikuwa za upande mwingine, hakuna aliyeigusa ngome ile, na muda si mrefu wachezaji wakapeana mikono: sare.

"Sare?" Baba Mkubwa alishtuka. "Sare ya nini? Mvivu anashinda hapa!"

Vidole vyake vilikimbia juu ya ubao. Ngome iliyobaki karibu na mfalme ilikuwa inatazama moja kwa moja kambi ya Bingwa, bila askari wake yeyote kuizibia njia. Mzee aliichukua, akaitoa kafara kwa askari aliyemlinda mfalme mweusi, mfalme akala, malkia akaingia, na pale mfalme hakuwa na pa kukimbilia. Alilirudia shambulio hilo mara nyingi, akitafuta tundu, asilione. Uso wake uling'aa. Msichana hakuwahi kumwona hivyo.

"Bingwa wa dunia na mpinzani wake, Macho, wote wawili hawakuona! Kaona kipofu!"

Siku ya pili alitaka apelekwe kwa Kinyozi mapema. Pale, chini ya kioo, kulikuwa na ubao mwingine, na wateja wake wa kudumu walikuwa wanafuata mashindano kama wengine wanavyofuata mpira. Aliyeongoza mjadala alikuwa Mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na kikohozi. Msichana alisimama nyuma ya kiti cha mzee, kama kawaida yake akiwa mbele ya mwalimu yeyote, akiwa tayari kupotea.

Baba Mkubwa akaeleza shambulio lake. Alieleza taratibu, kwa raha, akiwapa nafasi ya kustaajabu. Alipofika kwenye ngome, Mwalimu akamkatiza.

"Ngome gani hiyo, mzee mwenzangu?"

"Ya karibu na mfalme."

"Hapo hakuna ngome. Hiyo ndiyo iliyokwenda katikati. Iliyobaki iko kona, imelala kama mlinzi wa usiku." Akageuza simu yake, wengine wakachungulia. "Tazameni wenyewe."

"Iko kona kweli," mtu akasema.

"Mzee kaja na ngome ya kwao!" Kinyozi akapiga makofi na mkasi mkononi. "Mvivu angejua angekubeba, angekuwa na ngome ya akiba!"

Kicheko kikalipuka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha saluni, kesho angechekwa mwingine. Lakini Baba Mkubwa hakukijibu kwa utani kama siku zote. Aliinua mkono hewani, akapapasa kitu kisichokuwepo, akaushusha.

"Labda nimechanganya," akasema.

Nyuma ya kiti, msichana aliona ujumbe, njano, na neno lake mwenyewe, *ya kona*. Pumzi ilimkwama. Kusema kulihitaji maneno mawili tu, na muda ulikuwepo, maana walicheka vya kutosha. Hakuyasema.

Ingekuwa mzee mwingine, mambo yangeishia pale. Lakini mama yake Baba Mkubwa alipoteza akili uzeeni, akafa akimwita mwanawe kwa jina la jirani, na tangu siku hiyo mzee aliogopa kitu hicho kimoja tu duniani. Binti yake, ambaye msichana alimwita Dada, aliishi mji wa mbali, na kila akipiga simu alimsihi ahamie kwake. Jibu lilikuwa lilelile: "Macho yakienda, yameenda. Siku kichwa kikinidanganya, njoo unichukue. Kabla ya hapo niachie mlango wangu."

Jioni ile ya Alhamisi ya vifungo, alimwambia msichana ampigie Dada. Akaomba simu, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari: "Njoo, mwanangu. Kimeanza."

Dada alifika Jumamosi na gari la kukodi, akilia na kukunja nguo kwa wakati mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia msichana, bila kumtazama, kwamba nyumba yake ina vyumba vichache, na kwamba mama yake msichana atafurahi kumpokea nyumbani. Msichana akaitika. Siku zote hizo alikuwa amejaribu kusema. Alijaribu wakati wa kumwagia mzee maji ya kunawa, akajaribu kupitia mlangoni, akajaribu hata kuandika, lakini angemwandikia nani, kipofu? Kila mara mzee alimshukuru kwa jambo dogo, na shukrani ile ikamchoma kuliko tusi.

Jumamosi hiyo ndiyo ulikuwa mchezo wa mwisho wa mashindano. Mvivu na Bingwa walikuwa sawasawa. Baba Mkubwa hakuutaja.

"Ubao mpelekee Kinyozi," akasema. "Mwambie ni zawadi. Mtanie, mwambie nimemletea na ngome za kutosha."

Alijaribu kucheka. Dada akajifuta macho kwa shati alilokuwa analikunja.

Msichana akaubeba ubao. Alifika mlangoni. Kete zilikuwa zinagongana ndani ya mfuko, na miguu yake ikagoma.

"Macho, mbona umesimama?" Dada akauliza. "Dereva anasubiri."

Msichana alirudi, akapiga magoti mbele ya mzee, akaweka ubao mapajani mwake, akaanza kuchomeka kete. Mfalme, askari, malkia. Mahali pa kila kete alipajua, alikuwa amepatazama usiku na mchana bila simu.

"Nimesema upeleke," mzee akasema.

"Toka karibu na mfalme."

"Nini?"

"Ngome. Ilitoka karibu na mfalme, Baba Mkubwa. Ya kona haikusogea."

Dada aliacha kukunja. Mkono wa mzee ulishuka polepole juu ya ubao, ukapita kwa mfalme mweupe, ukapapasa tundu la jirani yake, ukalikuta tupu. Ukaenda kona, ukaikuta ngome.

"Uliniambia kona."

"Sikuangalia. Kulikuwa na ujumbe kwenye simu, nikawa nausoma. Ukaniuliza, nikakisia."

Mzee alianza kucheza mwenyewe. Alijaribu shambulio lake, halikuwepo. Alijaribu kumleta malkia peke yake, akafukuzwa. Akajaribu njia ya tatu na ya nne, midomo ikicheza, na safari hii haikuwa inataja majina ya ndugu. Mwishowe akavuta pumzi ndefu.

"Sare," akasema. "Sare safi kabisa. Na ile ngome ingekuwa pale nilipoambiwa, Mvivu angeshinda. Angeshinda, Macho! Hesabu yangu haikuwa na kasoro."

"Baba, gari..." Dada alianza.

"Gari likapumzike. Nilisema siku kichwa kitakaponidanganya. Mimi nilipewa ngome isiyokuwepo, nikaitumia inavyopaswa. Mwehu hawezi." Alijipapasa kifuani, akakuta vifungo, akaviacha. "Nguo zirudi kabatini, mwanangu. Na wewe kaa, ule, ulale, kesho urudi kwa wanao."

Dada alimgeukia msichana, na machozi yake yakawa ya namna nyingine. "Umemwacha baba yangu ajione mwendawazimu? Nimekodi gari, nimelia njia nzima! Mdomo unao wa nini?"

"Mwache," Baba Mkubwa akasema. "Kukosea kete si dhambi. Hata Bingwa hukosea. Mimi nina swali lingine." Aligeuza uso upande ule pumzi ya msichana ilipokuwa inatoka. "Pale kwa Kinyozi ulikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yako imekatika. Ulishajua pale pale. Kwa nini ulinyamaza?"

*Niliogopa* ilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa neno zuri, lingepokelewa, mzee angempapasa kichwa na mambo yangekwisha. Na halikuwa uongo wote. Msichana akalimeza. Alitazama mikono ya mzee iliyotulia juu ya ubao, ikimngojea kama ilivyozoea kumngojea aseme kete imetoka wapi.

"Walikuwa wanacheka, Baba Mkubwa," akasema, "na mara hii hawakuwa wananicheka mimi. Nikaona raha."