Pedali za Katikati

Jumapili asubuhi, kabla kengele ya kigango haijagongwa, Raphaeli alikuwa uani kwake Vihingo akijaza upepo kwenye magurudumu ya baiskeli. Pampu ilikuwa inavuja, kwa hiyo nusu ya upepo uliingia kwenye tairi na nusu ulimpuliza yeye kifuani. Binti yake Flora alishika mpira wa pampu. Amon, kitinda mimba, alikuwa ameshakaa kwenye keria, viatu vyake vya kanisani mkononi, kwa sababu akivivaa mapema huvichafua.

Baiskeli yenyewe ilikuwa na viti vitatu. Aliiunda fundi Mwinyimadi wa Chole kutokana na baiskeli mbili kuukuu na mabomba ya kitanda cha chuma, na kila kiti alikipa pedali zake na mnyororo wake. Raphaeli alitaka mnyororo mmoja, akiona ndio rahisi. Fundi akagoma. "Mkiungana mnyororo mmoja, mvivu anajificha humo humo," alisema. "Hapa asiyepiga pedali anaonekana." Raphaeli alikaa mbele, mkewe Stellamaris katikati, Flora nyuma. Walikwenda nayo misa, shamba, na kwa bibi yao Chole, wakigombana njia nzima ni nani anayetegea, na hayo magombano ndiyo yalikuwa raha yao kubwa.

Jumapili hiyo kiti cha katikati kilikuwa wazi. Katikati ya wiki Stellamaris alikuwa amekwenda Kibaha kufanya kazi za ndani kwa mama Brighton, karani mwenye nyumba yake nyuma ya maduka ya Maili Moja. Mihogo ilikuwa imeozea ardhini mwaka huo, Flora alikuwa ndiyo kwanza anaanza kidato cha kwanza, na mambo yakikufika hapo hukai kitako. Raphaeli alijua kilima cha kigangoni kitamtoa roho.

Hakikumtoa. Walipoanza kupanda, pedali za katikati zilizunguka. Zilizunguka zenyewe, kwa nguvu, mnyororo wake ukakaza, na kilima kikapandika. Flora alizitazama kwa muda, maana zilikuwa mbele ya magoti yake.

"Mama anapiga," alisema.

"Basi na wewe piga," Raphaeli alijibu bila kugeuka. "Usimwachie peke yake."

Wakawahi misa, wakapata na benchi.

Haikuchukua muda wakaijua ratiba yake. Alfajiri pedali zilikwenda haraka, zikikatika na kuanza tena. Hapo Stellamaris alikuwa anadeki. Baadaye ulikuja mzunguko mmoja mrefu usioisha. Hapo alikuwa anafua. Alipombembeleza mtoto mdogo wa mama Brighton zilikwenda polepole, mbele kidogo na nyuma kidogo, na Amon alipenda kwenda kukaa karibu nazo saa hiyo. Jioni ndipo zilipochachamaa. Baiskeli ilisimama sebuleni kwa stendi yake, gurudumu la nyuma likiwa juu, na likizunguka hivyo dainamo ikawasha taa.

Nyumba hiyo haikuwa na umeme. Nguzo zilifika mpaka shuleni zikaishia hapo, na aliyeulizwa alisema zinakuja. Sasa Flora alisoma kwa taa ya baiskeli, akikariri mafundisho ya kipaimara. Siku mama Brighton akiwa na wageni, vyombo vikiwa vya kujaza karo, taa iliwaka mpaka Amon akalalamika kwamba inamuumiza macho. Majirani wakaanza kuja kuchaji simu. Maneno, jirani wa upande wa bondeni, yeye alikuja na simu mbili na redio.

"Shemeji leo hajakaza," alisema jioni moja, akikodolea kioo cha simu yake. "Hebu mpigieni mumwambie atie bidii kidogo, leo kuna mpira."

Raphaeli alicheka. Flora hakucheka. "Taa ikiwaka hivi, baba mdogo, ni kwamba hajakaa chini tangu asubuhi," alisema. Maneno akasema ni kweli, kazi ni kazi, akaomba radhi, na simu akaziacha ziendelee kuchaji.

Stellamaris mwenyewe alipoelezwa kwa simu hakuona cha ajabu. "Ndiyo maana," alisema. "Jioni mapaja yananiuma kama nimepanda kile kilima cha kigangoni." Akauliza kama Amon anakula, akauliza gauni la Flora la kipaimara limefikia wapi. Fundi Mwinyimadi naye, alipopelekewa baiskeli aikague, alipitisha kidole kwenye mnyororo wa katikati, akautazama weusi wake. "Huyu ndiye anayewabeba nyote," alisema. "Mtieni mafuta." Wakamtia mafuta.

Flora alikuwa anataka kitu kimoja tu mwaka huo. Baba Askofu angekuja parokiani kutoa kipaimara, naye alitaka mama yake awepo kanisani. Hakutaka keki, hakutaka picha. Stellamaris hakuwa amekanyaga nyumbani tangu aondoke. Pasaka aliahidiwa ruhusa, mama Brighton akapata semina. Juni akaahidiwa tena, mtoto akaanza kuota meno. Mama Brighton ni mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na kila mara alisema kwa upole huo huo, "Wewe utakwenda tu wiki ijayo, ndugu yangu." Sasa wiki ya kipaimara ilikuwa imefika na Stellamaris alikuwa bado anasubiri wiki ijayo.

Alhamisi jioni pedali zikasimama.

Taa ilizimika Flora akiwa katikati ya mapaji ya Roho Mtakatifu. "Leo amelala mapema," Raphaeli alisema, na wote watatu wakafurahi kwa dhati, wakala ugali wao kwa kupapasa. Alfajiri hazikuzunguka. Adhuhuri hazikuzunguka. Simu ya Stellamaris haikupatikana. Raphaeli alizisukuma kwa mkono, zikazunguka kidogo na kusimama, kama pedali za baiskeli ya mtu yeyote. Hapo hofu ikamkamata barabara. Amon aliuliza kama mama amelala au amekufa, na hakuna aliyejua.

Jumamosi, umande haujakauka, waliondoka. Kutoka Vihingo mpaka kutokea barabara ya Morogoro ni mbali hata kwa mwenye pikipiki, na wao walikuwa wameshazoea kubebwa. Kwenye mchanga walishuka wakasukuma. Kwenye vilima walishuka wakasukuma. Flora alipiga pedali macho yake yakiwa kwenye zile za mbele yake, na kila shimo lilipozitikisa moyo ulimruka, kisha zikatulia tena. Walifika Maili Moja jua likiwa utosini, wakamuuliza muuza chipsi nyumba ya mama Brighton, akawaelekeza kwa uma aliokuwa nao mkononi.

Mama Brighton mwenyewe ndiye aliyefungua geti.

"Karibuni, baba Flora. Afadhali mmekuja. Dada amelala."

"Amelala vipi?" Raphaeli aliuliza.

"Amelala tu. Tangu juzi."

Alikuwa stoo, kwenye godoro kati ya gunia la mchele na feni mbovu, anakunywa uji. Alikuwa amekonda na miguu imemvimba, lakini alikuwa anakunywa uji. Alimtazama Amon toka juu hadi chini. "Viatu vyako viko wapi?" aliuliza. Raphaeli aliposikia sauti ile alikaa sakafuni palepale, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mtoto wa chumba cha pili akaamka. Flora alishika unyayo wa mama yake, akaona una joto, akaupakata mapajani na kulia kwa furaha. Hajawahi kufurahi vile kwa ajili ya unyayo.

"Daktari anasema ni uchovu," mama Brighton alieleza sebuleni, baada ya kuwapa soda. "Nikashangaa, uchovu wa nini? Mashine ya kufulia ipo. Hatuiwashi kwa sababu inakula umeme, lakini ipo."

Raphaeli ni mtu mkweli, na ukweli humtoka bila kuombwa. Akamweleza habari zote za baiskeli: kilima, taa, simu za majirani, redio ya Maneno. Mama Brighton alisikiliza bila kumkatiza, kama mtu anayeambiwa kwamba maji ya bomba lake yanavujia kwa jirani.

"Kwa hiyo," mama Brighton alisema Raphaeli alipomaliza, "dada amekuwa anafanya kazi kwenu, kwa saa zangu."

Raphaeli alifikiri. Hakuwa amelitazama kwa upande huo.

"Mimi namlisha hapa, namlaza hapa, nyie mnamwendesha huko mpaka anaanguka. Ndiyo maana anakula vile. Siyo vizuri, baba Flora. Angekuwa mtu mwingine mngesikia maneno."

"Tusamehe sana, dada," Raphaeli alisema, na alimaanisha. Flora akafungua mdomo. Stellamaris, aliyekuwa amejikokota na kuegemea mlango wa stoo, alimtikisia kichwa, na Flora akaufunga.

Mama Brighton hakuweka kinyongo. Aliwapa ruhusa palepale: mgonjwa aende nyumbani, ahudhurie kipaimara kesho, na Jumatatu jioni awe amerudi. Aliwafungia watoto wali uliobaki jana, akamrudishia Stellamaris simu yake iliyokuwa imezima, ambayo alikuwa ameichaji kwa hisani yake. "Sharti langu ni moja tu," alisema getini. "Asipige pedali hata kidogo. Nataka anirudie na nguvu zake zote."

Wakaahidi. Stellamaris akapandishwa kwenye kiti cha katikati, na Flora, asiyependa ahadi zenye mwanya, akamnyanyua miguu na kuifunga kwa khanga juu ya bomba la baiskeli, isije ikajisahau.

Walirudi polepole. Stellamaris alilaza shavu kwenye mgongo wa mumewe akasinzia, na Flora alimshika kiuno kwa mkono mmoja kutoka nyuma. Ulikuwa mzigo mzito na hakuna aliyetaka upungue. Raphaeli alitweta na kutabasamu, akatweta tena. Amon alimsimulia mama yake habari zote tangu Januari, pamoja na kuku aliyeliwa na kicheche, bila kujali kama anasikia. Flora alikuwa anajisemea moyoni kwamba kesho Baba Askofu atampaka mafuta na akigeuka atamwona mama yake, na kila alipojisemea hivyo mapaja yalipata nguvu mpya. Hata kwenye mchanga hawakumshusha. Walisukuma naye juu, kama bibi harusi.

Kilima cha mwisho kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza simu ilipoita.

"Usipokee," Flora alisema.

"Ni mama Brighton," alisema Stellamaris, akapokea macho yakiwa bado yamefumbwa. "Abee, dada."

Mtoto alikuwa analia, uji hautaki. Stellamaris alieleza kwamba sukari huwekwa baada ya kuepua, siyo kabla. Maziwa yako rafu ya chini. Sare za Brighton ziko kwenye kamba, zianuliwe kabla ya umande, na pasi iko juu ya kabati. Kisha akaomba mtoto awekewe simu sikioni, akaanza kumbembeleza.

Pedali za katikati zikazunguka. Mbele kidogo, nyuma kidogo, halafu mbele moja kwa moja. Miguu ya Stellamaris ilikuwa palepale juu ya bomba, fundo la khanga halijalegea, na pedali zilizunguka chini yake, mnyororo ukakaza.

"Mama, unapiga," Flora alisema.

Stellamaris aliziba simu kwa kiganja, akainama akatazama. "Sipigi," alisema, akarudi kwa mtoto.

Flora alinyoosha mguu azizuie. Zilimgonga kifundoni zikaendelea. Basi akainuka kwenye kiti chake na kupiga pedali kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ili kazi yote imalizikie kwake na za mama zikose cha kufanya. Hazikukosa. Baiskeli ilizidi tu kwenda mbio. Mbele, Raphaeli alihisi uzito umemtoka mapajani, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa hoi, akasema kwa mwendo huu watafika kungali na mwanga, na gauni litapigwa pasi mapema, na wote watapumzika.

"Hata asubuhi, dada," Stellamaris alikuwa anasema kwenye simu. "Si lazima jioni, Jumatatu asubuhi naweza kuwahi. Baiskeli yetu siku hizi inakimbia."