Ndoto Isiyopikiwa

Jumatatu asubuhi Fortunée alikwenda soko la Mangobo kununua ndizi, akarudi na maneno.

Kwa kawaida hapiti pale kimyakimya. Wauza samaki humwita kutoka mbali, "Mama Safi! Bailleur anakutafuta, kimbia!" kwa jina la mama anayemwigiza kwenye televisheni, naye hujifanya kuogopa, soko zima likacheka. Siku hiyo kila mtu aliinamia bidhaa zake. Hata Falonne, mwuza ndizi, mama mwenye mwili na mdomo wa kutosha, ambaye hajawahi kumuuzia bila kumwongezea ndizi mbili za juu, alimtazama kama mdaiwa.

"Donc ilikuwa ndoto," Falonne akasema.

"Mama Falonne, nikueleze..."

"Hapana, miye njo nitakueleza. Bwana yangu alikuwa anaacha pombe yake kila Jumapili ju ya kuangalia ile Parcelle yenu. Tulicheka mupaka mbavu inauma. Alors jana unaamuka, unajinyoosha, unasema, 'Eh, kumbe niliota!' Halafu unaenda kunawa uso! Papa Bailleur hakukuwako? Tulikuwa tunacheka nani?"

Fortunée alilipa, akapokea ndizi zake, na nyongeza haikutoka.

Mchezo wenyewe, *Parcelle ya Papa Bailleur*, ulikuwa mwepesi kama maji ya mchele. Bailleur, yaani mwenye nyumba, anaingia kwenye parcelle yake, ua wa wapangaji, kila Jumapili amefura kwa hasira, anawapigia wapangaji kelele, "Leo munatoka!" Wapangaji wanatetemeka. Mama Safi anatoa sahani ya lituma, ndizi zake zimepondwa vizuri, na samaki juu. Mzee anaitazama, anakohoa, anasema, "Bon. Kidogo tu," anaketi kwenye kiti chake cha mguu uliofungwa waya, anakula, anasahau kilichomleta, anawabariki wote na kwenda zake. Basi. Jumapili inayofuata, vilevile. Na watu wa Kisangani, ambao wana mambo mengi ya kuwaliza, walikuwa wakiungoja kama mvua.

Papa Bailleur alikuwa Mzee Lukumani, na ua ulikuwa wake kweli, nyumbani kwake Tshopo. Ndiye aliyemfundisha Fortunée kazi. "Usikimbilie kicheko, mutoto yangu," alikuwa akimwambia. "Kiache kikuje chenyewe." Kisha Lukumani akaugua, akafa, mchezo ukiwa umebakiza kipindi kimoja. Ruphin, mwenye kuandika na kupiga picha, akapata wazo lake la ndoto: Mama Safi anaamka kwa mama yake, msichana bado, na ua, wapangaji, bailleur mwenyewe, vyote havikuwahi kuwapo. Fortunée alijilaza kitandani, akaamka, akasema maneno aliyopewa. Alikuwa amechoka kulia, hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Lakini kilichomchoma kuliko soko lote ni neno lililomkuta nyumbani siku ileile. Mama Ramla, mjane wa Lukumani, alikuwa ametuma kusema kwamba watu wa théâtre wasikanyage tena kwake. Geti lile ndilo Fortunée alilokuwa akilisukuma bila hodi. Ndani yake alikula, alisukwa nywele, aligombezwa kama mtoto wa nyumba. Sasa amefukuzwa, na kosa ni hiyo ndoto. Alikaa na uchungu wake mpaka ndizi zikapoa jikoni, halafu akapiga moyo konde. Ndoto ile itafutwa, na geti lile litafunguliwa, liwalo na liwe.

Alipanda toleka, baiskeli ya abiria, akamkuta Ruphin akichaji betri za kamera yake kwa haraka, maana umeme ulikuwa umerudi na hakuna aliyejua utakaa mpaka lini.

"Watu wamekasirika," Fortunée akasema.

"Ni bien. Mutu anakasirikaka ju alipenda. Ile njo sanaa."

"Mama Ramla amefunga geti."

Hapo Ruphin akaacha kuchezea nyaya. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mmoja wa wale wanaopenda wazo lao kuliko chakula. "Fortunée, ningefanya nini? Lukumani haiko tena. Nimuzike kwenye televisheni, batoto balie? Nilitafuta njia hakuna mutu atakufa. Kwenye ndoto hakuna mutu anakufa."

"Hakuna anayekufa ju hakuna aliyeishi! Umemufuta, Ruphin. Asiyekuwapo na lake halipo, njo umefanya vile."

Ruphin akaweka betri chini. Fortunée akaona njia ndogo imefunguka, akapita. "Mama Ramla akinifungulia, utakuja na kamera?"

"Akikufungulia," Ruphin akacheka kwa huzuni, "nitakuja na kamera mbili."

"Uko nayo moja."

"Nitaazima."

Basi akaenda Tshopo. Geti lilifunguliwa kiasi cha jicho moja, na jicho lilikuwa la Sikujua, mdogo wake Ramla. Mjane yuko eda, akasema, hapokei watu wa théâtre, na Fortunée anajua sababu. Fortunée akasema vizuri, atangoja. Sikujua akasema hakuna cha kungoja. Fortunée akasema hata hivyo. Akakaa juu ya tofali kando ya geti, mkoba mapajani, kama aliyeambiwa gari linakuja. Wapita njia walimtambua. Wengine walimcheka, mmoja akamuuliza kama bado anaota. Hakusogea. Mama yake kule Yanonge alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimtuma moto hatarudi na majivu, na jua lilipomchoma Fortunée alijikumbusha neno hilo. Jua likaondoka, mvua ikashuka, ile ya Kisangani isiyobisha hodi, akalowa hadi kwenye mifupa na kuanza kutetemeka. Bado alikuwa juu ya tofali.

Sauti ya Ramla ikatoka ndani. "Sikujua, mufungulie. Asinifie mulangoni, watu bataongea."

Wakamweka barazani na kitambaa cha kujifutia. Ramla alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la mlango. Fortunée hakumwona, aliona tu kivuli chake kimeketi, na kivuli cha kiti chini yake. Alikitambua. Kilikuwa kile cha mguu wa waya.

Njiani alikuwa amepanga hotuba ndefu, na yote ilikimbia. "Mama, nisamehe. Ile ndoto tutaifuta. Tutasema haikuwa ndoto, ilikuwa kweli yote."

"Nani alikuambia ndoto njo inaniuma?" Ramla akauliza.

Fortunée akanyanyua uso.

"Mimi sasa ni kwenye ndoto njo minamuonaka. Kila siku. Anaingia, anavua kofia, anauliza chakula. Ndoto iko mubaya wapi? Ruphin alipoweka ndoto, nilisema, aah, amejua. Nikakaa vizuri nione." Kivuli kikasogea, na kiti kikalia kidogo. "Halafu unaamuka. Mutu amekufa, umemuota, na alikula kwako, mbele ya macho ya Kisangani muzima. Unaamuka, unacheka, unaenda kunawa uso. Haukupika!"

"Sikupika?"

"Haukupika! Mutu akikuota anakula, maana yake iko na njaa. Unaamuka, haujakula, haujanawa, unaambia watu ya nyumba, unapika kile alikula, unagawia majirani. Sadaka yake. Ile njo anashiba nayo. Batoto yangu bote banajua. Sasa bwana yangu amerudi na njaa, Fortunée, na wote bameona. Njo sababu nilifunga."

Maji yalimdondoka Fortunée kwenye nywele. Amelelewa katika kwaya ya kanisa, Ruphin vilevile ni mtu wa misa. Wote wawili walikula sadaka za nyumba hii mara nyingi, wakasifu samaki, wakashukuru, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza chakula kile kimepikiwa nini. Akamkumbuka Falonne: halafu unaenda kunawa uso! Hata yule, ambaye hakujua mila hii, aliona pengo mahali palepale. Aibu ilimshika, lakini nyuma ya aibu kulikuwa na furaha kali, maana sasa alijua kazi iko wapi. Ndoto haikuwa na kosa. Wao waliikatia njiani.

"Mama," akasema, "nipikie wapi?"

Mvua ilipungua juu ya bati.

"Jiko halijahama," Ramla akasema.

Jumamosi asubuhi geti lilikuwa wazi. Ruphin alikuja na kamera moja, ya kuazima haikupatikana, na uso wa mtu aliyefunga mdomo wake kwa makusudi. Hakuandika neno. Falonne aliposikia habari alituma mkungu mzima wa ndizi, na ujumbe: apike kwanza, mengine tutaona.

Fortunée alitoka kwenye chumba cha wapangaji na kitenge kilekile alichoamka nacho kwenye televisheni, nywele zimelala upande mmoja, uso haujaguswa na maji. Alisimama katikati ya ua. Trésor na waigizaji wengine waliocheza wapangaji walikuwa wakifagia na kufua kama siku zote.

"Nimemuota Papa Bailleur," akawaambia. "Alikula kwangu."

Hakuna aliyecheka. Trésor akaweka ufagio chini, akaenda kuwasha makaa. Wakamenya ndizi, wakachemsha, wakaponda, samaki akaingia kwenye mafuta. Harufu ikatoka getini na kwenda kuwaita watu. Wakaja majirani wa kweli, wasiojua kama wanaingia katika mchezo au katika sadaka, na hakuna aliyewaeleza. Walinawa, wakaketi, wakala. Mwingine akaanza kumwiga Lukumani anavyokohoa mbele ya sahani, mwingine akasema hapana, alikohoa hivi, wakabishana midomo ikiwa imejaa.

Fortunée alipakua sahani ya mwisho, ile ya bailleur. Akaibeba mpaka mahali pa kiti. Kiti hakikuwapo. Alisimama na sahani mikononi na ghafla hakujua aiweke wapi, na mambo yote aliyoyashika tangu Jumatatu yakataka kumponyoka. Watu wakaacha kula. Ruphin akasogeza kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Leo munatoka!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, nyembamba, ya mwanamke, lakini hasira ilikuwa ileile, na mapumziko yaleyale katikati. Trésor akaangusha kijiko. Wapangaji wakasimama wima wakitetemeka, na hawakuwa wakiigiza.

"Bote! Munakaa kwangu, munakula kwangu, munapiga kelele kwangu! Hata mutu moja habaki hapa!"

Kiti kikalia chini ya uzito wa mtu. Ndani mtu akakohoa, taratibu, bila kukimbilia.

"Bon," Ramla akasema. "Kidogo tu."

Mkono ukatoka pembeni mwa pazia, mkono mtupu wa mjane usio na pete wala hina, ukafunguka. Fortunée akatembea hadi mlangoni, akaweka sahani juu yake, na mkono ukarudi ndani. Hapo ndipo kicheko kilipokuja chenyewe, kikaanzia kwa wapangaji, kikawashika majirani, kikavuka geti hadi barabarani kwa watu ambao hawakujua wanacheka nini. Ruphin alikuwa analia waziwazi na kamera ilikuwa inaendelea.

"Na samaki iko wapi?" sauti ikauliza ndani.

Fortunée akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akarudi jikoni kuchukua samaki.