Mguu wa Fundi

Mume wangu ni mshonaji, na hata mimi nimezoea kumwita Fundi. Mwaka ule alianza tabia ya kusimama njiani. Tukitoka nyumbani kwenda kwenye kibanda chake cha kushonea, tukifika duka la nguo za harusi tu, huyo, amesimama anakodolea kioo macho. Mbele kidogo anasimama tena, safari hii anakagua mishono ya gauni la mama wa watu anayejipitia zake.

Nilivumilia mpaka wivu ukanifika kooni. Siku moja nikampa za uso palepale barabarani.

"Kwani siku hizi unashona kwa macho? Nitajie huyo unayemtafuta, nikusaidie kumwita."

Alikuwa ameinama, ameshika shavu la mguu, jasho linamtoka.

"Mguu unaniuma, mke wangu," alisema. "Nikisimama unaacha. Nikitembea unarudi."

Aibu ilinivaa. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa akiisingizia cherehani. Alishaipaka pedali grisi, akabadilisha mkanda, akawa anakanyagia mguu mwingine, na mashine ya watu haina kosa lolote.

Hospitalini daktari, mama mmoja mpole, alimpima presha mkononi, kisha akampima kwenye kifundo cha mguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sukari tuliijua, alikuwa nayo miaka mingi na vidonge vyake akinywa anapokumbuka. Tusilolijua ni kwamba mishipa inayopeleka damu miguuni ilikuwa imeanza kuziba.

"Hapa kidonda kidogo tu kinaweza kukataa kupona," alisema, "na kikikataa, tutaanza kuongea habari za kukata."

Akamwandikia dawa ya kujichoma mara moja kwa wiki. Alieleza kwamba inashusha sukari, na kwamba baadhi ya wenye mishipa kama yake imewasaidia kutembea mbali zaidi, ila asiitegemee izibue mishipa kama fundi bomba. Vidonge vingine aendelee navyo, sigara aache, atembee kila siku, na miguu aikague kila jioni. Fundi aliitikia kila neno.

Tulipofika nyumbani aliweka sindano kwenye friji, akashika hamsini zake. Wiki ikapita, na nyingine. Nilimsema asubuhi, nikamsema jioni. Nilimuuliza mtu anayeshinda na pini mdomoni anaogopaje kisindano kama kile. Alicheka, lakini friji hakuigusa. Nilijua anamfikiria nani. Kaka yake mkubwa alikuwa na sukari pia, akaandikiwa sindano, mguu ukakatwa, na haukupita muda tukamzika. Fundi alikuwa ameshaamua moyoni kwamba sindano ndiyo iliyomwondoa.

Niliogopa, sina haja ya kuficha. Kila akivua viatu nilikuwa naangalia vidole vyake kabla ya uso wake. Mwishowe nikampigia simu mjane wa kaka yake, nikitegemea atakuja kumbembeleza.

Alikuja nyumbani, akavuta kiti karibu na cherehani ambayo Fundi hushonea jioni. Hakubembeleza.

"Shemeji, nasikia unaogopa sindano zilizomuua kaka yako."

"Si ndizo? Aliniambia mwenyewe kwamba zinammaliza."

"Hakuchoma hata moja."

Fundi aliacha kukanyaga pedali.

"Nilizikuta zote nyuma ya friji baada ya mazishi, hazijafunguliwa," aliendelea. "Kila wiki alikuwa akiniambia ameshachoma, na mimi namwamini. Na wewe akakwambia zinammaliza, ili usimlazimishe. Sikumwambia mtu. Niliona haya watu wakijua mume wangu alikufa kwa kunidanganya."

Alilia, nami nikalia naye. Fundi aliweka kitambaa pembeni. Kisha akaniambia nilete ile dawa. Alipandisha shati, akageuzia uso ukutani, na mimi nikamchoma tumboni kama tulivyofundishwa. Kilikuwa kitendo cha kufumba na kufumbua.

"Shemeji," alisema, bado anatazama ukuta, "kaka alikuwa anaogopa?"

"Sana."

"Angeniambia," alisema Fundi. "Tungeogopa wote wawili."