Kicheko cha Bafuni

Tangu pacha wao waende shule ya bweni, nyumba ilikuwa imepooza. Ndiyo maana fundi makochi alishtuka jioni moja alipomsikia mkewe akicheka bafuni, mlango kaufunga kwa ndani.

"Mama Pacha, unaongea na nani humo?"

"Na sabuni!"

Fundi akatupa jicho mezani. Simu ya mkewe ilikuwa palepale, inachajiwa. Badala ya kutulia, akazidi kuchemka. Mtu mzima hachekeshwi na ndoo. Basi ana simu ya pili!

Asubuhi, mkewe alipokwenda kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi ya mapokezi, Fundi alipekua bafu zima. Chini ya mataulo hakukuta simu, alikuta riwaya. Jaladani palikuwa na mwanamume aliyebeba keki na mwanamke aliyemnunia. Mkewe hakuwa mtu wa kununua vitabu. Nani kampa?

Akaenda nacho karakana na kujibanza nyuma ya kochi ambalo bado halijavikwa kitambaa. Alikisoma kama anavyokagua kochi kuukuu, anabonyeza hapa, anatikisa pale. Mwanzo aliuona wa ovyo: mpishi wa keki anapewa kazi kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani, naye anakubali! Mjinga gani huyo? Lakini mpishi alikuwa na maneno matamu ya kuchekesha wanawake, na mkabala na kliniki palikuwa na duka la mikate. Mkewe kila siku alirudi na mkate mmoja wa nyongeza. Fundi akaona kampata mshukiwa, akafungua ukurasa mwingine.

Alipofika mahali mpishi anapojificha chini ya meza ya maharusi, na kumsikia mama wa bibi harusi akimsifia bila kujua yupo miguuni pake, Fundi aliangua kicheko mpaka akapaliwa.

Ikawa ndiyo kazi. Asubuhi anakiiba, jioni anakirudisha chini ya mataulo. Nyumbani akaanza maswali ya ajabu. "Hivi wewe unapenda keki ya namna gani?" Mara, "Yule muuza mikate ana mke?" Mkewe akamtazama kwa kona ya jicho.

Fundi cherehani wa chumba cha pili pale karakana ndiye aliyemwaga petroli motoni. "Mama Pacha, mimi si mmbeya, lakini mumeo anacheka nyuma ya makochi kutwa. Mwanamume hachekei mbao."

Mchana huohuo Mama Pacha aliomba ruhusa kazini, akaingia karakana akinyata. Kicheko kikasikika. Akalizunguka kochi mkono kiunoni.

"Mtoe huyo mwanamke!"

Fundi aliruka, kitabu kikaanguka kati yao. Wote wawili wakakikodolea macho.

"Baba Pacha! Kitabu changu!"

"Nani kakupa?" Fundi akadakia.

"Dada yako."

"Dada yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Fundi akanywea. "Sasa mbona ulinificha?"

"Si wewe uliyesema mbele ya wageni kwamba vitabu vya mapenzi ni vya watu wasio na kazi? Nilitamani ardhi ipasuke. Kimeletwa cha kunichangamsha, nikakisomee mbele yako unicheke?"

Fundi alitazama nyundo yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na muuza mikate?"

"Yule mzee? Kabakiwa na jino moja! Mkate ananipa kwa sababu namwahisha kwa daktari."

Fundi akashusha pumzi. "Basi nisamehe, mke wangu. Kitabu ni kizuri, isipokuwa pale mwisho. Yule mwanamke wa jaladani amemsamehe mpishi upesi mno."

"Kamsamehe?" Mama Pacha akang'aka. "Mimi sijafika huko!"

Akakiokota, akaondoka nacho. Siku mbili Fundi alijibiwa kwa kichwa tu, cha ndiyo na cha hapana.

Siku ya tatu, akitafuta suluhu, alimwendea dada yake kuomba riwaya nyingine ya kuchekesha.

"Ya nani?" dada akauliza, macho kayafinya.

"Ya wifi yako."

"Kaka, wifi yangu katoka hapa sasa hivi. Kachukua nakala mbili za riwaya moja mpya, kaniambia nakala moja ni yako, na nikuonye: safari hii uanze baada yake."