Chumvi Kwenye Gari Jeusi

Normand Thivierge hakuwahi kununua gari jipya mpaka alipostaafu kutoka kiwanda cha alumini, na alipolinunua, alichagua jeusi. Mji mzima wa Jonquière ulimwambia amekosea. Mji ambao barabara zake humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu msimu mzima wa baridi si mji wa gari jeusi, walisema. Ataona kila doa na kila mkwaruzo, atazeeka kabla ya siku zake. Normand aliwajibu kwamba uchafu hauchagui rangi, ila wao wamezoea kutouona.

Akalitunza. Majani yalipoanza kupukutika alilipeleka likapuliziwe mafuta ya kuzuia kutu upande wa chini. Akaliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu ya sufu, ili chembe ya mchanga isirudi kwenye rangi. Akalipaka nta tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama mlangoni. Kisha akasimamisha hema jeupe la plastiki mbele ya nyumba, kama majirani zake wote, akaliingiza humo. Sheria ilikuwa moja: barabara ikiwa na chumvi, gari halitoki. Na kwa kuwa chumvi haikukosekana, gari lilikaa hemani kama bibi harusi aliyesahauliwa. Yeye mwenyewe alikwenda kucheza karata kwenye klabu ya wastaafu kila Jumanne na Ijumaa, ndani ya pikapu ya rafiki yake Odilon, iliyoliwa na kutu mpaka ukiinama unaiona barabara chini ya miguu yako.

Sehemu ya bei ya gari hilo ilitoka kwenye banda la kuvulia samaki, ambalo yeye na mkewe Ghislaine walikuwa wakilikokota hadi kwenye ghuba iliyoganda ya La Baie kila Januari, tangu watoto wao wakiwa wadogo. Banda hilo Normand alimuuzia Viateur Boily, mgane wa mtaa wa pili, mtu mwenye meno yake yote na sifa ya kucheza dansi. Ghislaine alipopata habari, biashara ilikuwa imeshakwisha. Alisema, "Haya," akaendelea kumenya viazi.

Jumanne moja katikati ya Januari, Normand alirudi kutoka klabuni, akaingia hemani kulisalimu gari lake kama kawaida yake. Alipomulika boneti kwa tochi, aliona mistari myembamba iliyojipinda, kama utando wa buibui. Hiyo haikuwa mistari ya mkono wake. Yeye alifuta kwa kunyoosha, kuanzia kioo kwenda mbele, wala hakuwahi kuzungusha kitambaa. Mistari ile aliijua. Ilikuwa ya mashine ya kuoshea magari kwenye kituo cha mafuta, ile yenye brashi kubwa zinazozunguka, ambayo alikuwa akiilaani mbele ya kila aliyekubali kumsikiliza.

Akakaa kwenye ndoo kufikiri. Gari lilikuwa limetoka, likaoshwa, likarudishwa. Mtu haoshi gari la mwenzake kwa siri ila ana jambo la kuficha. Na funguo zilikuwa mbili tu.

Wakati wa chakula alimuuliza Ghislaine, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama alitoka siku hiyo.

"Niende wapi na baridi hii?" mkewe akasema.

Normand alitambua kwamba amejibiwa kwa swali.

Ijumaa alichora alama ya chaki juu ya tairi la mbele kabla ya kupanda pikapu. Aliporudi, alama ilikuwa chini, imekandamizwa sakafuni. Akafungua mlango, akainusa mikanda ya viti mmoja baada ya mwingine kama mbwa wa forodhani. Mkanda wa dereva ulinuka moshi wa kuni. Nyumbani kwao walipasha joto kwa umeme.

Alimweleza Odilon yote, akitumaini kuambiwa kwamba amechanganyikiwa. Odilon alihamishia kijiti chake cha meno upande wa pili wa mdomo.

"Basi mtafute mwenye kuni," akasema. "Na mtaani kwenu mwenye kuni namjua mmoja tu, mzee mwenzangu. Yule anayecheza dansi."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Ila jiangalie. Banda umempa, gari unamwachia mkeo, wewe umekaa na mimi unashikilia karata mbovu."

Jumanne iliyofuata waliondoka kwa saa ya kawaida, wakakata kona, wakaegesha nyuma ya kanisa. Haukupita muda, gari jeusi likatoka hemani. Kulifuata hakukuwa kazi. Katika nchi iliyofunikwa theluji, gari jeusi halina pa kujificha. Normand alitazama chumvi ikirukia milango yake, akahisi kama inamrukia usoni. Walipokaribia nyumba ya Viateur alishika dashibodi kwa mikono miwili. Ghislaine akapita bila kupunguza mwendo.

"Haya sasa," Odilon akanong'ona, kana kwamba angeweza kusikika.

Gari lilishika njia ya La Baie. Likateremka ufukweni, likaingia kwenye barafu. Normand alifumba macho. Alipoyafumbua, gari lake lilikuwa likipita polepole kati ya mabanda ya wavuvi, likasimama kando ya banda jekundu. Aliijua rangi yake. Alilipaka yeye mwenyewe. Bomba lake lilikuwa tayari likitoa moshi. Kuna mtu aliyetangulia ndani.

Alimwambia Odilon abaki. Akatembea juu ya barafu, mkono mmoja mfukoni umekamata kitambaa laini cha kufutia gari, ambacho hakukumbuka hata kwa nini alikibeba. Akausukuma mlango bila kubisha.

Ghislaine alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha zamani, uzi wa kuvulia ukining'inia kutoka vidoleni mwake hadi ndani ya tundu la barafu. Kigoda cha pili kilikuwa kitupu.

"Funga mlango, Normand," akasema bila kugeuka. "Joto linatoka."

Akaufunga. "Viateur yuko wapi?"

"Kazini. Huniwashia jiko alfajiri, kisha huniachia ufunguo. Anasema banda hili bado halijamzoea."

Normand alitazama kona zote, hata chini ya benchi la kuni ambako mtu mzima asingeenea. Hakuona kitu cha mwanamume ila glavu zake mwenyewe za zamani, zimetundikwa kwenye msumari alioupigilia.

"Umeleta gari langu kwenye barafu," akasema hatimaye. "Nani kakuruhusu?"

Ghislaine akageuka sasa, akamtazama vizuri.

"Na banda langu, nani alikuruhusu kuliuza?"

Jiko lilirusha cheche. Normand akashika lawama ndogo zaidi.

"Na ile mashine ya kuoshea," akasema. "Brashi zake zinakwaruza."

"Nililiosha ili chumvi isikulie gari. Hilo la brashi sikulijua."

Kabla hajajibu, uzi ulivutwa. Ghislaine aliupandisha mkono kwa mkono, haraka, bila kuonyesha kwamba amechoka, akamtoa samaki mwekundu mwenye macho makubwa, akampiga kichwani mara moja. Mikono yake iling'aa kwa ute.

"Una kitambaa?"

Nje, chumvi ilikuwa ikikauka milangoni, ikigeuka nyeupe. Normand alikipapasa kile kitambaa mfukoni, ambacho hakikuwahi kugusa kitu isipokuwa nta. Akakitoa, akampa.

Ghislaine alifuta vidole, akafuta kisu, akafuta na magamba kwenye goti lake, kisha akakitundika kitambaa karibu na jiko. Normand akakivuta kigoda cha pili, akakaa.