Chaguo la Mwenye Dume

Tangu manyoya ya mtoto yule wa mbwa, wa kike, yaanze kurefuka, Evarista hakupata kukaa kitako akatulia. Alikuwa akichambua mchele, mara akainuka kuchungulia bandani. Aliporudi hakujua tena mchele uliokwisha kuchambuliwa ni upi, akaanza upya. Ndugu wawili wa mtoto yule, wote madume, walikuwa na manyoya mafupi yaliyolala vyema, meusi mgongoni na ya hudhurungi miguuni, kama ipasavyo shepadi wa Kijerumani. Huyu wa kike alikuwa amefumuka. Manyoya yalimtoka nyuma ya masikio, kifuani na mapajani, laini kama sufi iliyopasuka kutoka katika tunda lake.

Mtu mwingine angesema mbwa huyu ni chotara. Evarista alijua kuwa siye. Frida, jike aliyewazaa watoto hawa, alikuwa na nyanya aliyewahi kuzaa mmoja wa namna hiyo, na marehemu Athanas, mumewe Evarista, alimweleza kuwa jambo hilo hutokea mara chache hata kwa mbwa ambao damu yao haijaingiliwa. Ni shepadi yule yule, alisema, ila amevaa koti.

Sasa Athanas yu kaburini, na Frida amezeeka. Mvi zimemjaa mdomoni, na mzao huu ndio wake wa mwisho. Mtoto wa kike ni huyu mmoja. Wakiondoka wote watatu, ukoo wa mbwa walioyalinda maghala ya Kariakoo tangu siku za ujana wa Athanas utakuwa umekatika, na Evarista hatabaki na kitu hai ambacho mkono wa mumewe uliwahi kukilea.

Tena watoto hawakuwa wake wote. Wafugaji wa mbwa wa mjini wana kanuni yao, haikuandikwa popote lakini hakuna anayeikiuka: anayeleta dume kupandisha halipwi fedha, hupewa mtoto mmoja, na ndiye anayechagua kwanza. Dume aliitwa Kaiza, na mwenye dume huyo alikuwa Wilbert, kijana mwenye maneno mengi, ambaye kwa kweli hakuishi kwa shepadi. Alikula kwa chotara. Aliwachanganya mbwa wadogo wa manyoya na wa kila aina, akawapiga picha wakiwa wamefungwa utepe shingoni, na picha hizo zikatembea katika simu za watu kuliko habari ya msiba. Zamani mnunuzi alipokuja uani kwa Evarista aliuliza, “Mama yake ni nani? Baba yake ni nani?” Siku hizi aliuliza, “Huna wa mchanganyiko?”

Uani pale hapakuwa pake. Nyumba ilikuwa ya Mzee Khalfani, nyumba ya kale ya Mtaa wa Likoma iliyosalia chini, imebanwa na maghorofa huku na huku. Mbele alikuwa na duka la misumari na kamba, na baraza ambapo wanaume wa mtaa walikunywa kahawa. Mzee Khalfani hakumgusa mbwa. Siku pua ya Frida ilipogusa kanzu yake aliifua mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa mchanga, kisha akaendelea kuzungumza na Evarista kama kawaida. Mbwa wa ulinzi, alisema, ana ruhusa yake, mradi kila mmoja akae upande wake. Naye ndiye aliyekuwa mtunza funguo wa mtaa. Aliyesafiri, aliyelazwa hospitali, aliyekwenda kuoza bintiye Tanga, wote waliacha funguo zao kwa Mzee Khalfani, naye akazitundika ukutani nyuma ya kiti chake. Hata Evarista, alipokwenda Ndanda kumzika dada yake siku chache baada ya Kaiza kuja, alimwachia ufunguo wa banda. Na mzee yule, kwa upawa alioufunga kwenye mpini wa ufagio, alimlisha Frida kwa mbali mpaka mwenyewe aliporudi.

Wilbert akaja Jumamosi asubuhi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hujambo, Wilbert?”

“Sijambo. Nimekuja kwa changu.” Alichuchumaa mbele ya banda, akapiga kofi. “Mama! Dhahabu yote hii ulikuwa umeificha? Huyu si mbwa, huyu ni dubu!” Simu ilikwisha kuwa mkononi. “Nina mteja, anaitwa Ritha, anafanya kazi Posta. Kila siku ananiamsha: ‘Wilbert, nataka chotara. Nataka manyoya. Nataka ambaye shoga zangu hawana.’ Akimwona huyu atalia machozi.”

“Mtazame yule dume mkubwa,” alisema Evarista. “Mtazame mifupa yake.”

“Mifupa ni ya supu, mama. Shepadi kila geti linaye. Mjini hapa chotara ndiyo habari. Namchukua dubu wangu.”

Alinyosha mkono. Hapo ndipo Evarista alipousikia mdomo wake ukisema jambo ambalo moyo haukuwa umeliidhinisha.

“Huyo si wa Kaiza.”

Mkono wa Wilbert ukasimama.

“Frida alitoka,” Evarista aliendelea. “Nilipokuwa msibani Ndanda. Joto lake la kutaka dume lilikuwa halijaisha. Ghorofani hapo juu wana kijibwa cha manyoya. Wajua mwenyewe kwamba mzao mmoja huweza kuwa na baba wawili. Wale madume ni wa Kaiza. Huyu siye, na kanuni haikupi usichokizaa.”

Alikuwa amelivunja jina lake mwenyewe kwa maneno yale. Mwanamke aliyejulikana Kariakoo nzima kwa mbwa wa damu safi amekiri kwamba banda lake limeingiliwa! Alikuwa tayari kwa hilo. Hasara hiyo aliipima haraka, akaona ataibeba. Ila Wilbert hakuwa mjinga.

“Alitokaje? Kufuli lako hilo linaizidi benki. Ufunguo alikuwa nao nani?”

Swali hilo Evarista hakuwa amelifikiri. Mlango wa kutokea dukani ulikuwa wazi, na Mzee Khalfani alikuwa amesimama kizingitini akiwa na mzingo wa kamba begani. Alikuwa amesikia yote.

“Nilikuwa nao mimi,” alisema.

Hakuongeza neno, na alilolisema lilikuwa kweli tupu. Alimtazama Evarista kidogo, wala si kwa hasira, kama mtu anayemtazama mpita njia akidhani anamfahamu. Kisha akarudi dukani.

“Aa, mzee wangu naye!” Wilbert alicheka. “Basi. Nipe huyo wa mifupa. Lakini mama, yule chotara ukitaka kumwuza, mtu wa kwanza ni mimi.”

Kabla ya sala ya adhuhuri habari ilikuwa imekwisha kuzunguka mtaa. Jioni, walipokaa barazani, Haruna fundi cherehani alimpokea mzee kwa mikono miwili.

“Hongera, Mzee Khalfani! Tumesikia umeozesha, mbona hatukualikwa pilau?”

“Tena bila mahari,” akadakia mwingine.

“Mtu mwenyewe kanzu ikiguswa anaifua mara saba! Sasa mlango aliufungua kwa mkono upi?”

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Mzee Khalfani alikunywa kikombe chake, akakirudisha kwa muuzaji, hakujitetea. Evarista alikuwa nyuma ya ukuta, ameshika ufagio, anafagia mahali alipokwisha kufagia. Alingoja mzee aseme, “Mwulizeni mwenye mbwa.” Neno hilo halikuja. Siku iliyofuata halikuja. Alimwamkia, akaitikiwa, basi. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda. Akimchukua mtoto wa mbwa mapajani alimshusha papo hapo, kama aliyeshika sufuria la moto.

Dhihaka angeweza kuzivumilia, kwa kuwa dhihaka za barazani huchakaa. Lililomchoma lilikuja na Mwanne, muuza vitenge wa mtaa wa pili, ambaye ufunguo wa stoo yake ulikaa kwa Mzee Khalfani miaka na miaka. Evarista alikuwa dukani akinunua kamba asiyoihitaji, akitafuta namna ya kuanza kusema.

“Mzee, ule ufunguo wangu,” Mwanne alisema, akiyatazama masanduku ya misumari. “Si kwamba nina wasiwasi. Ila mwanangu amehamia nyumbani, nimeona bora akae nao yeye.”

“Ni haki yako, mwanangu.” Mzee Khalfani aliinuka taratibu, akautungua, akampa. Ukutani palibaki doa jeupe lenye umbo la ufunguo, mahali ambapo vumbi halikupata kufika. Mwanne alipokwisha kutoka, mzee alilifuta doa lile kwa kidole gumba, akauliza, “Kamba ya urefu gani, Bi Evarista?”

Evarista aliiacha kamba juu ya meza. Jioni ile, kahawa ilipokuwa ikimiminwa, alitoka barazani, mahali ambapo tangu aingie katika nyumba ile hakuwa amewahi kusimama wanaume wakiwa wamekaa.

“Haruna, tua kikombe. Nanyi wengine nisikilizeni, maana sitarudia. Frida hakutoka. Mzee Khalfani hakufungua mlango, wala hapakuwa na kijibwa chochote. Mtoto yule ni wa Kaiza. Nilisema uongo kwa sababu nilimtaka abaki kwangu, na uongo huo nikamtwika mtu aliyenitunzia mali yangu.”

“Sasa mama,” Haruna alisema kwa sauti ya chini, “si ungeacha tu? Sisi tulikuwa tunatania.”

“Mwanne hakutania.”

Mzee Khalfani alikuwa akitazama barabara. “Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Basi mpigie simu mwenye haki yake.”

Alimpigia pale pale, mbele yao. Wilbert alifika kesho yake kwa pikipiki, amembeba dume ndani ya boksi ili wabadilishane, na nyuma yake amempakia msichana aliyevaa viatu virefu. Huyo ndiye Ritha. Alimkumbatia mtoto wa manyoya kabla hata hajamsalimu mtu, akapigwa picha upande huu na upande ule. Kisha akakumbuka adabu zake.

“Shikamoo, mama. Jamani, ni mzuri! Ni mchanganyiko wa nini na nini?”

Wilbert akavuta pumzi ajibu, lakini Evarista alimtangulia. Alikuwa amekwisha kuchoka na uongo wa kila kimo.

“Si mchanganyiko, binti yangu. Ni shepadi, kwa baba na kwa mama.”

“Shepadi?” Ritha alimshika mtoto kwa mbali kidogo. “Shepadi hawa hawa wa getini? Wilbert! Mimi nakaa Upanga, ghorofa ya tano, chumba na sebule. Akikua atanila viatu au atanila mimi?”

“Lakini si unaona manyoya—”

“Manyoya hata kondoo anayo! Niwaambie nini kazini? Niliwaambia chotara.” Alimrudisha mtoto mikononi mwa Evarista, akajipangusa blauzi, akaenda kusimama kando ya pikipiki.

Wilbert alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akajishika kichwa. “Mama, umenimaliza. Nimpeleke wapi sasa? Wanaotaka halisi watasema manyoya haya ni kasoro. Wanaotaka chotara watasema si chotara. Na mtaa mzima umesikia.”

“Ni wako,” Evarista alisema. Alimnyoshea mtoto. “Chagua.”

Wilbert alimtazama mtoto, akamtazama dume ndani ya boksi, akamtazama Ritha aliyekuwa akitazama saa. Evarista alibaki amenyosha mikono mpaka viwiko vikaanza kuuma.

“Sichagui leo,” Wilbert alisema mwishowe. “Kaa nao wote wawili. Nikimpata mtu wa manyoya asiyeuliza maswali, nitakuja kumchukua huyu. Nisipompata, nitamchukua dume.”

“Utakuja lini?”

“Mama, mteja hana tarehe.”

Alimwacha dume, akaondoka. Mzee Khalfani, aliyekuwa ameketi mlangoni pa duka lake, alisema bila kugeuka, “Haki yake haijaisha. Usimpe mtoto huyo jina.”

“Sijampa.”

Wiki hiyo Mwanne alirudisha ufunguo wake, akakaa kitambo dukani akizungumza habari za bei ya vitenge, na mzee akautundika mahali pake. Ufunguo wa banda la Evarista mzee hakuuliza habari zake, naye Evarista hakuthubutu kumpelekea. Siku hizi hasafiri. Asubuhi humchana manyoya mtoto yule asiye na jina, kwa chanuo lililokuwa la Athanas, na mtoto huyo hukua, hunenepa, hujifunza kubweka sauti nzito ya mama yake. Na kila pikipiki inapopunguza mwendo kwenye uchochoro wa Likoma, Evarista husimama, chanuo mkononi, mpaka aisikie imepita.