Dokta Haule wa Mikorosho

Dokta Aurelia Haule, mtafiti wa saikolojia ya kitabibu, alikuwa na makala kadhaa katika majarida yanayosomwa mbali sana na Songea. Tatizo ni kwamba makala hizo zilichapishwa zikanyamaza. Ile aliyoipenda kuliko zote, ya wafiwa wanaokosa usingizi, ilimzungusha vijiji vya Hanga masika nzima, akirudi na matope hadi magotini. Waliowahi kuinukuu ni wawili, na mmoja wao ni yeye mwenyewe.

"Na huyo wa pili?" mumewe, Leo, aliwahi kumuuliza.

"Mwanafunzi wangu."

"Aa, basi ukoo unakua, mama Benigna."

Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwao Msamala, Aurelia alifungua ukurasa wake mtandaoni, ule unaoorodhesha makala zake na nukuu zake, akapiga ukelele uliomtoa Leo bafuni na povu masikioni. Nukuu zilikuwa mamia! Hakuuliza zimetokea wapi. Mwenye njaa haulizi ugali umesongwa na nani. Alimpigia mama yake, naye akapiga vigelegele bila kuelewa kitu. Leo akaenda kutafuta kuku. Hata mkuu wa idara, mtu wa kupokea salamu kwa nyusi, alituma pongezi.

Kuku akiwa jikoni, simu iliita.

"Asalaam aleikum, dokta. Mimi ni Bi Sabra, mwenyekiti wa wakulima wa korosho huku Tunduru. Tumeona mtandaoni kwamba bingwa wa ubwiri unga ni wewe."

"Shikamoo, mama. Bingwa wa nini?"

"Ubwiri unga, mwanangu. Maua ya mikorosho yanakuwa kama yamenyunyiziwa unga, kisha yanakauka."

Aurelia aliomba apewe muda kidogo, akarudi kwenye ukurasa wake, safari hii akasoma. Mikorosho. Mikorosho tena. Kumbe kulikuwa na A. Haule mwingine, Agathoni, mtafiti wa magonjwa ya mimea, na mtandao ulikuwa umembebesha Aurelia mzigo wote wa mwenzake. Alitamani sakafu ipasuke.

"Tumle tu," Leo alisema, akijikaza asicheke. "Huyu kuku hana kosa."

Aurelia aliwaandikia wenye tovuti ili makosa yarekebishwe, na baada ya siku chache akabaki na wawili wake wa zamani. Kisha akampigia Bi Sabra.

"Mama, nisamehe. Mimi si wa mikorosho. Mimi nashughulika na moyo na akili za watu. Nimechunguza wanaokosa usingizi."

 

"Basi njoo," alisema Bi Sabra. "Wa mikorosho tutamwita naye. Lakini na wenye mikorosho hawalali."

Akaenda. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la korosho, na Agathoni Haule alikuwepo, mtu mfupi mwenye kofia pana. Alieleza vizuri habari za kupulizia mikorosho dawa ya salfa, watu wakamshukuru. Ndipo Aurelia akazungumza kidogo tu kuhusu usingizi, na mzee mmoja, Daimu, akasimama.

"Tangu nimzike mke wangu, kitanda kimenishinda. Nalala kwenye kiti. Haya mambo yana dawa?"

"Yana mazungumzo kwanza, mzee wangu. Njoo tukae."

Wakakaa pembeni, wakazungumza hadi mzee akafuta macho, kisha akacheka. Alipoinuka, mwingine alikuwa keshakaa. Mwingine nyuma yake. Foleni ikazunguka magunia. Hakuna aliyeuliza makala zake zimenukuliwa na nani, na yeye mwenyewe alisahau kabisa.

Jua lilipoinama alibaki mtu mmoja, kofia mkononi. Alikuwa Agathoni.

"Dokta, na mimi silali," alinong'ona. "Nukuu zangu zilipotoweka siku ile, nilidhani nimefutwa duniani. Zimerudi, ndiyo, lakini kila usiku naamka kuangalia kama bado zipo."

Aurelia aliuma midomo asicheke, akamvutia kiti.

"Kaa, ndugu yangu," alisema. "Ugonjwa huo naujua."